Mwanamke wa Jibondo anayeonja maji ya kambare

Saa moja asubuhi, Ijumaa, Kilindoni, kisiwani Mafia. Duka la vitambaa la Bi Rukhsana bado halijafunguliwa, lakini sebule iliyo nyuma yake imeshaamka. Dirisha moja tu liko wazi. Jua linapita ndani ya tangi la kioo, linageuka kijani, kisha linapanda darini na kuchezacheza huko taratibu, kana kwamba nyumba nzima imezama na hakuna mwenye haraka ya kuiopoa.

Shamsa Mfaume (43) amepiga magoti mbele ya tangi, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Anachota maji kwa kikombe cha kahawa. Hayaonji pale pale. Anatoka nayo hadi uani, anayasukutua mdomoni huku amefumba macho, kisha anayatema chini ya mlimau.

Ndani, samaki mweusi, mrefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, anapanda polepole kutoka chini ya tangi. Anafika juu, anafungua kinywa chake kipana, anameza hewa na kushuka tena. Sharubu zake nane zinamfuata zikiyumbayumba.

"Leo hayana neno," anasema Shamsa akirudi. "Matamu kabisa."

"Alhamdulillahi," anajibu Bi Rukhsana kutoka kitini kwake, na sasa ndipo anapoanza kunywa chai yake.

Samaki huyo ni kambare, na jina lake ni Waziri. Miezi mitano iliyopita alikuwa akihesabiwa pumzi. Kama yupo hai leo, ni kwa sababu ya ulimi wa mwanamke huyu, ulimi uliofunzwa kazi Jibondo kabla hata haujajua kusoma.

Katika kisiwa ambacho samaki akishalala ubavu huwa yuko njiani kwenda sufuriani, kazi ya Shamsa huwachekesha watu. Pale sokoni wanamwita daktari wa kitoweo. Wauza samaki wakimwona anapita na ndoo zake humwinulia changu aliyekwisha kufa tangu jana: "Shamsa, huyu leo hapumui vizuri, hebu mpime!"

"Huyo mpe nazi na ndimu," huwajibu bila kusimama, "ndiyo dawa iliyobaki."

Mwandishi wa makala haya naye hana haki ya kuwacheka wenzake. Amekulia bara, na kuhusu kambare alichokuwa akijua ni ladha yake tu.

Shamsa anahudumia matangi kumi na moja, mengi ya Kilindoni na machache ya Utende. Yapo ya nyumba za wageni, lipo la duka la dawa, lipo la kinyozi ambaye wateja wake husinzia wakitazama samaki na kuamka wamenyolewa. Kila tangi hulifikia mara moja kwa wiki kwa Sh7,000. Akishatoa nauli, chumvi na sabuni ya mikono yake mwenyewe, hubaki na kama Sh250,000 kwa mwezi. Anasema ni zaidi ya alichokuwa akipata kwenye kilimo cha mwani, na mgongo haumuumi sana.

Vifaa vyake ni ndoo mbili zisizowahi kuguswa na sabuni, mpira wa kunyonyea maji machafu, sifongo, na magazeti ya zamani. Kioo kwa nje hukisugua kwa gazeti lililoloweshwa kidogo, maana anasema hakuna kitambaa kinachong'arisha kioo kama gazeti. Ila hana ubahili wa macho. Kabla ya kuliloweka, hulisoma.

"Naanza na matangazo ya vifo, namalizia na mpira," anasema. "Habari zenyewe huwa zimeshapita. Lakini zinanoga vilevile."

Alizaliwa Jibondo, kisiwa kikavu cha mafundi mashua, zama ambazo maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa chombo. Visimani pale maji yalikuwa ya chumvichumvi, ya kufulia na kuogea. Ya kunywa yalivuka bahari ndani ya madumu, na kila dumu lilikuwa na maisha yake ya nyuma.

"Moja lilikuwa la mafuta ya taa, jingine la nazi, jingine la dizeli," anakumbuka. "Mwenye maji atakwambia limeoshwa. Mama hamwamini mtu. Anakumiminia kiganjani: 'Onja, tema, niambie.' Nikiwa na miaka saba nilikuwa najua haya ya kisima gani, dumu la nani, na kama mashua juzi yake ilipakia papa."

Mama yake, Bi Mwanamkuu, ambaye bado yuko Jibondo, alikuwa na sharti moja katika mtihani huo. Maji hayaonjwi jikoni. Kule kuna moshi, kuna vitunguu, kuna samaki, na pua itamdanganya ulimi. Maji huonjwa nje, upande ambao upepo unatoka. Shamsa hakujua wakati ule kwamba anapewa ufundi. Alidhani anasumbuliwa.

"Na maji matamu yalikuwa ya kupimwa," anaongeza. "Ya kuoshea mchele yalikwenda kwa mbuzi. Sasa mtu ayajaze kwenye kioo, amweke samaki humo amtazame? Mama angenitafutia mganga."

Bahari ilipoanza kupata joto na mwani wake kuoza kwenye kamba, Shamsa alivuka na mumewe, Muhidini, fundi mashua, wakahamia kisiwa kikubwa. Alipata kibarua cha usafi kwenye hoteli moja ya Utende. Mapokezi palikuwa na tangi la samaki wadogo wa rangi, na palikuwa na mgeni mmoja, mwanamke mzee, aliyekaa wiki tatu na kila asubuhi akiketi mbele ya tangi lile badala ya kwenda kuogelea. Ndiye aliyemwonyesha Shamsa kwamba samaki haumwi peke yake. Ukimwona samaki anaumwa, yalianza kuumwa maji.

"Hapo nikasema, kumbe jambo lenyewe ni maji! Maji mimi nayajua."

Nyumba ya Bi Rukhsana ilikuwa na kambare wawili. Mumewe, marehemu Javed, aliwaleta kutoka Rufiji miaka saba iliyopita wakiwa vifaranga, ndani ya mfuko wa plastiki aliouweka mapajani njia nzima kutoka bandari ya Nyamisati.

"Wanawake wenzangu waume zao wakisafiri huletewa kanga," anasema Bi Rukhsana (71), akicheka kwa mabega tu. "Mimi naletewa kambare. Nikamwuliza, 'Javed, hawa wa kukaanga au wa kuchemsha?' Hakunisemesha mpaka isha."

Javed ndiye aliyewapa majina. Mmoja alikaa pembeni bila kutikisika, anatazama tu kama anayesikiliza kesi, akaitwa Kadhi. Mwingine alipita huku na huku kutwa nzima bila shughuli inayojulikana, akaitwa Waziri. Jioni baada ya kufunga duka, Javed alivuta kiti mpaka karibu na kioo na kuwasomea gazeti kwa sauti. Bi Rukhsana anaapa kwamba walikuwa wakija.

Nilipomtazama kwa mashaka, Bi Rukhsana alikunja uso. "Wewe huamini. Keti hapo hapo usome, utaona."

Nilisoma. Ilikuwa habari ya bei ya korosho. Waziri alitoka nyuma ya jiwe lake, akaja, akaegemeza sharubu kwenye kioo mbele ya magoti yangu na kubaki hapo, mapezi yakipepea kidogo kidogo. Mwanga wa darini uliendelea kutembea. Sijui nilisoma kwa muda gani, lakini chai yangu ilipoa.

Javed alifariki mwaka juzi. Bi Rukhsana alikaa eda, miezi minne na siku kumi. Tangu atoke, kila Alhamisi baada ya magharibi huketi kando ya kile kiti kitupu, akasoma Yasini na kumwombea mumewe. Na kila Alhamisi huvukiza ubani. Kutunza matangi hakujui, kwa hiyo ndipo alipomwita Shamsa, akapangiwa siku ya Jumanne.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu. Kisha, wakati wa masika ya mwaka huu, Kadhi aliacha kula.

Jumanne hiyo Shamsa alimkuta na utando mweupe mgongoni, mzito kama tui. Sharubu zilikuwa zimepauka kwenye ncha. Alikuwa na chupa ya dawa ya bluu aliyoagiza Dar es Salaam, dawa ambayo ilikuwa imewaponya samaki wa kinyozi. Akasoma maelezo yake, akapima kama yalivyoandikwa, akatia.

Ijumaa asubuhi Kadhi alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe.

"Nilikuja kujua baadaye siku ile," anasema Shamsa, na hapa sauti yake inashuka mpaka unalazimika kumsogelea. "Kambare hana magamba. Samaki mwenye magamba amevaa, kambare yuko uchi. Dawa inamwingia yote. Yeye hupewa nusu ya kipimo. Mimi nilimpa kizima."

Alimwendea Bi Rukhsana na kukiri siku hiyohiyo. Alimwambia yeye ndiye aliyemuua. Bi Rukhsana hakumfokea. Alimzika Kadhi chini ya mlimau na kumwambia aendelee kuja, maana Waziri bado yupo. Shamsa anasema afadhali angefokewa.

Tangu hapo hakutia dawa katika tangi la mtu yeyote. Nyumba moja ya wageni walimpigia simu samaki wao wakiwa na madoa. Aliwasafishia maji tu, akawaambia watafute mwingine wa dawa. Mwingine hayupo Mafia nzima, na yeye anajua hivyo.

Kisha ikawa zamu ya Waziri. Jumanne moja alikuwa mzito kidogo, Jumanne iliyofuata vilevile. Utando mwembamba, hamu ya kula kidogo. Shamsa alipima maji kwa vile vikaratasi vyake vinavyobadilika rangi, vyote vikaja salama. Alionja, maji hayakuwa na kasoro. Alibadilisha theluthi ya maji, akaenda zake na moyo umemning'inia.

"Nilikuwa naota," anasema. "Naota nimo ndani ya maji, nawatazama watu nje ya kioo, wananisemesha, midomo inacheza, sisikii. Naamka nimekauka koo."

Ijumaa moja, mapema, simu yake iliita. Ilikuwa Bi Rukhsana, na hakusalimia.

"Njoo. Anasimama."

Shamsa alifika na kumkuta Waziri amesimama wima katikati ya maji, kichwa juu, mkia chini, mwili ukitetemeka. Alikuwa akipanda kutafuta hewa, akikaribia kuifikia anageuza, anarudi, kisha anapanda tena. Mashavu yalikuwa yakienda mbio. Ngozi imepauka kama mkaa wa jana.

Kambare, anaeleza Shamsa, hupumua maji kama samaki wengine, lakini pia hupanda na kumeza hewa kama sisi. Kwa hiyo akiikataa hewa, hapo pana jambo.

"Nikajiuliza, mbona hali hii sijawahi kuiona? Na Jumanne mimi ninamkuta anajikongoja tu, hafi wala haponi. Nikamwuliza Bi Rukhsana, siku nyingine anakuwaje? Akanambia, 'Jumamosi huanza kuchangamka. Jumatatu anakula. Ijumaa ndiyo siku yake mbaya.' Nikashangaa. Samaki anajuaje Ijumaa?"

Hapo ndipo lilipo kosa lake, na analisema mwenyewe bila kuulizwa. Wiki zote hizo alikuwa akimwona mgonjwa siku moja tu, siku ambayo ugonjwa ulikuwa umeshapungua. Na hakuwahi kuuliza kuhusu siku nyingine, kwa kuwa mtu aliyeua hana uso wa kuuliza maswali mengi katika nyumba ya mfiwa.

Akachota maji kikombeni. Alikuwa ameshayafikisha mdomoni aliposimama. Sebule ilikuwa na harufu nzito ya ubani wa jana. Akasikia sauti ya mama yake, anasema, kama vile yuko nyuma ya mlango: maji hayaonjwi jikoni.

Akatoka nayo nje. Akasimama upande wa upepo, akasukutua, akatema. Akachota mengine, akasukutua tena.

"Yalikuja mwishoni, nyuma ya ulimi," anasema. "Machungu kidogo, halafu kama utomvu. Nikasema sio kweli, hii ni pua yangu. Nikatafuna jani la mlimau, nikasukutua maji safi, nikaonja mara ya tatu. Maji yalikuwa na ubani. Wallahi, maji yalikuwa yamefukizwa."

Alirudi ndani na kupiga magoti. Chini ya meza ya tangi, sakafuni, kilikuwepo chetezo, kile chungu kidogo cha makaa na ubani. Na shibri moja kutoka kwenye chetezo, ikinguruma taratibu kama paka, ilikuwepo pampu ndogo ya hewa, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuipuliza ndani ya maji ili yatoe mapovu.

Pampu haina akili. Hewa iliyo mbele yake ndiyo inayoipeleka. Kila Alhamisi ilikuwa ikivuta moshi na kuupuliza majini, na chini ya kifuniko cha tangi, pale Waziri alipopanda kumeza hewa, alimeza moshi uleule mara ya pili. Kufikia Jumanne ulikuwa umeshatoka wote, na ulimi wa Shamsa haukuwa na cha kukuta.

Zamani chetezo hakikukaa hapo. Bi Rukhsana alikiweka dirishani. Masika yalipoanza, mvua ikawa inazima makaa na upepo unarudisha moshi usoni kwake. Akakihamishia chini ya meza, mahali pakavu. Alikuwa na sababu nyingine pia.

"Nilitaka na wao wapate," ananieleza Bi Rukhsana kwa urahisi, kama anayezungumzia chakula. "Walikuwa watu wake. Nikimsomea yeye, nao wawemo."

Shamsa anasema hakuwahi kuogopa kusema neno kama siku ile. Kazi ilikuwa rahisi: kuchomoa pampu, kuipeleka dirishani ivute hewa ya nje, kubadilisha maji. Kigumu kilikuwa kumwambia mjane kwamba ubani anaomvukizia mumewe ndio unaomnyonga samaki wa mumewe.

Alianza na mikono. Alitoa nusu ya maji na kutia mengine yaliyokwisha kulala ndooni siku mbili. Alihamisha pampu. Alitia chumvi ya mawe, nusu ya kipimo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutia kitu chochote majini tangu Kadhi. Akafunika kioo kwa kanga yake ili Waziri apumzike gizani. Kisha akageuka.

"Bi Rukhsana, moshi unamwingia."

Bi Rukhsana alitazama chetezo, akatazama pampu, akatazama kanga.

"Mimi?" aliuliza. "Mimi ndiye?"

"Sio wewe, ni ile pampu. Na hajafa. Huyu anaumwa tu, inshallah anapona."

"Na Kadhi?"

Shamsa alijibu upesi, kabla swali halijatua. "Kadhi ni mimi. Kadhi ni dawa yangu, nilishakwambia."

Walikaa wote wawili sakafuni, mbele ya kanga. Bi Rukhsana aliomba tu aachiwe kona ndogo aone. Adhuhuri ilipofika, nyuma ya kanga kitu kilipanda, kikavunja uso wa maji, sauti ndogo ya kumeza ikasikika, kisha kikashuka. Baada ya muda ikasikika tena. Bi Rukhsana anasema hajawahi kusikia sauti tamu kama ile. Walihesabu mpaka kumi, wakapoteza hesabu, na duka halikufunguliwa siku ile.

Waziri alikula dagaa mmoja siku ya nne. Siku ya tisa alirudi kupita huku na huku bila shughuli inayojulikana.

Siku hizi chetezo kinakaa barazani, kwenye mlango wa nyuma, chini ya paa, na Bi Rukhsana anasoma Yasini yake palepale kwenye kiti. Moshi ukitaka kuingia unaingia mwenyewe, mwembamba, umechoka. Naye Shamsa ameongeza siku. Kila Ijumaa asubuhi hupita kuonja, na siku hiyo halipwi. "Hii ni yangu," anasema.

Nilimwuliza, akiwa anasugua kioo, swali ambalo nadhani msomaji naye analo. Kadhi alikufa Ijumaa, wiki chache tu baada ya chetezo kuhamia chini ya meza. Je, ana hakika ilikuwa dawa?

Mkono wake ulisimama. Gazeti lilikuwa limeganda kwenye kioo, na nyuma yake Waziri alipita, kivuli chake kikakatisha kurasa.

"Andika dawa," alisema.

"Lakini unaamini ilikuwa dawa?"

"Andika dawa, kaka yangu." Akaendelea kusugua.

Nilipomwuliza kuhusu ndoto zake, alichangamka kidogo. Anataka siku moja awe na tangi Jibondo, shuleni, la samaki wa maji matamu. Watoto wa kule, anasema, wanamjua kila samaki wa bahari kwa jina lake, la ukoo na la utani, lakini hawajawahi kumwona samaki anayeishi ndani ya maji ya kunywa. Amewahi kumweleza mama yake. Bi Mwanamkuu aliuliza kama samaki huyo atawabakizia maji ya kunywa.

"Nawaza wanakuja asubuhi, wanakuta maji yanang'aa, na mle ndani mtu anatembea," anasema Shamsa, akitazama darini. "Wanakaa kimya. Watoto wa Jibondo wakikaa kimya, ujue wameona kitu."

Mbona basi haanzi? Mumewe yuko tayari kuchonga meza. Mwalimu mmoja ameshamwambia nafasi ipo.

Anakamua sifongo kwa muda mrefu. "Tangi la watoto likiugua linataka mtu wa kutia dawa. Mimi sitii tena. Nani atamkabidhi samaki mtu aliyeua samaki?"

Kisha akabeba ndoo zake kwenda kumwaga maji machafu kwenye mlimau, na mimi nikabaki na Bi Rukhsana. Alisubiri mpaka hatua zisikike mbali.

"Amekwambia dawa?"

Nikasema ndiyo.

"Ananilea," alisema. "Anafikiri mimi mzee sijui kuhesabu. Nimeuza vitambaa miaka hamsini, mwanangu, nitashindwa na siku za wiki? Dawa alitia Jumanne. Jumatano Kadhi alikula. Alhamisi mchana alikula tena, mkononi mwangu huu, na utando ulikuwa unaanza kutoka. Magharibi nikawasha ubani. Asubuhi amelala. Samaki aliyekunywa sumu Jumanne anakulaje dagaa Alhamisi?"

Nilimwuliza kwa nini hajamwambia.

"Nimemwambia mara mbili. Anabisha. Anasema ni yeye, anaondoka, kesho anarudi ameinama vilevile. Anaogopa nitaacha kumsomea Javed. Siachi. Javed angecheka, angesema, 'Rukhsana, ulinitaka nipate ubani mpaka ukawapa samaki.'" Alicheka kwa mabega, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wewe andika. Gazeti hawezi kubishana nalo. Na lazima atalisoma, si unamjua? Hawezi kuloweka kitu kabla hajakisoma."

Nimeandika. Na kwa kuwa magazeti ya nyumba ile hukusanywa na kupewa Shamsa kwa kazi ya kioo, maneno yaliyobaki ni kwa ajili yake.

Shamsa, usiliweke kwanza kwenye ndoo. Bi Rukhsana anasema Kadhi alikufa kwa ubani wake, si kwa dawa yako, na dawa yako ilikuwa imeanza kumponya. Anasema amekwisha kumwomba Mungu msamaha, na Kadhi pia, na aliyebaki ni wewe, kwa miezi yote aliyokuacha ubebe mzigo usio wako. Anasema tena kwamba stoo, nyuma ya majora ya kitambaa, lipo tangi dogo ambalo Javed alilinunua wale wawili walipokuwa vifaranga. Kioo chake ni kizima. Amelifuta vumbi mwenyewe, na anauliza siku gani Muhidini atakuja na mashua kulichukua kwenda Jibondo.